Ubepari Una Sura Nyingi: Mizani, Sheria na Vyama katika Riziki ya Mkulima

(Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)



Mada tuliyopewa ina jina refu: jinsi taasisi zinavyoufinyanga ubepari katika nchi zinazoendelea. Jina hilo lisiwatishe. Linahusu mambo ambayo kila mmoja wetu huyaona msimu wa mavuno, ingawa si mara nyingi tunayatafutia chanzo.

Wazee walio kati yetu walilijua neno “ubepari” kama tusi. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, bepari alikuwa kupe, naye alichorwa ana kitambi na mirija mdomoni. Sisi tuliozaliwa baadaye tumelikuta neno hilo limestaafishwa, na mahali pake pamekaa maneno ya adabu: sekta binafsi, wawekezaji, soko huria, wadau. (Hili la “wadau” lingestahili semina yake peke yake, maana mwenye kiwanda na mwenye mibuni mia mbili wote huitwa wadau, kana kwamba kikao kimekwisha kuwasawazisha.) Zamani tulilaani yote kwa pamoja, siku hizi tunasifu yote kwa pamoja. Katika nyakati zote mbili tumekosa jambo moja, nalo ni kupambanua.

Mwaka 1991, miaka miwili baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wa Centesimus Annus kuadhimisha miaka mia moja ya Rerum Novarum ya Papa Leo XIII. Katika namba 42 alijiuliza kama ubepari ndio njia ambayo nchi maskini zielekezwe baada ya ukomunisti kushindwa. Hakujibu kwa neno moja. Alionyesha kwamba jibu linategemea tunalipa neno hilo maana gani: kama ni uchumi unaotambua nafasi ya biashara, ya soko, ya mali binafsi na ya ubunifu wa watu, jibu ni ndiyo, kama ni uchumi ambao uhuru wake haukuzungushiwa sheria imara inayouweka chini ya utumishi wa mwanadamu mzima, jibu ni hapana. Tofauti basi haimo ndani ya kununua na kuuza. Imo katika kile kinachozunguka kununua na kuuza.

Kinachozunguka hicho ndicho tunachokiita taasisi. Wengi tusikiapo neno hili hufikiria jengo lenye bango na mlinzi. Tuanze na kitu kidogo zaidi, yaani gunia. Mnunuzi wa viazi mbatata huja shambani na gunia aliloliongezea kilemba juu, likashonwa kwa kamba hadi likawa na shingo na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia. Likifika mjini, mzigo ule ule huuzwa kwa kilo. Hapa yupo muuzaji, yupo mnunuzi, na bei wamepatana bila kushikiwa fimbo. Kwa maelezo ya vitabu hili ni soko huria kamili. Hata hivyo mmoja kati yao amekuja na kipimo chake mwenyewe. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa waziwazi, nayo lumbesa inaendelea, kwa sababu sheria bila mizani kijijini, bila mkaguzi anayefika, na bila wakulima wanaokataa kwa pamoja, ni karatasi. Taasisi ni hayo yote yakishikana: kanuni, watu wanaoisimamia, na mazoea ya jamii yanayoipa nguvu au kuinyima.

Mtawala mmoja, nchi tatu

Anayetaka kuona jinsi taasisi zinavyozaa ubepari wa aina mbalimbali hana haja ya kwenda mbali. Atazame Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya Mwingereza. Mtawala alikuwa mmoja, na soko la dunia lilikuwa lile lile. Bado mkulima wa kila nchi aliingizwa katika uchumi wa fedha kwa mlango wake.

Kenya ilijengwa juu ya mlowezi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimwezesha Mzungu kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, na nyanda za juu zenye rutuba zikatengwa kwa ajili yake. Kodi ya kibanda ilimlazimisha Mwafrika kutafuta fedha, na kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikasha cha bati, kilimzuia asimwache mwajiri kwa hiari yake. Kisha likawekwa jambo la tatu: Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika. Sababu zilizotolewa zilikuwa magonjwa ya mimea, wizi na ubora. Sababu ambayo haikutangazwa sana ni kwamba mwenye kahawa yake nyumbani haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 mashamba machache ya majaribio yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu, na mlango haukufunguliwa hasa mpaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati ambapo vita vya Mau Mau vilikuwa vimekwisha kuwaka.

Uganda ilipita njia nyingine. Mapatano ya mwaka 1900 yaligawa ardhi ya Buganda kwa Kabaka, machifu na watu wao wakubwa kwa vipimo vya maili, na ndiyo maana ardhi hiyo huitwa mailo hadi leo. Pamba ilipoingia, machifu hao wakageuka makabaila, wakidai kodi ya ardhi na sehemu ya mavuno. Kama mambo yangeachwa hivyo, mkulima wa Buganda angekuwa mtwana. Lakini mwaka 1928 ilitungwa sheria ya busuulu na envujjo iliyoweka kikomo cha madai ya mwenye ardhi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo. Sheria hiyo moja ilimfanya mpangaji kuwa mkulima mwenye uhakika wa kesho. Uhakika huo haukufika mpaka mwisho wa safari ya pamba, kwa kuwa viwanda vya kuchambua vilibaki mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Ghasia zilipozuka Buganda mwaka 1949, moja ya madai ya wakulima lilikuwa waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba faida haikai shambani tu.

Na Tanganyika? Hapa mambo mawili yalikaa ndani ya nchi moja. Kule Tanga na Morogoro ulitawala mkonge. Mashamba makubwa, kambi za wafanyakazi, na manamba walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri kilichojulikana kama SILABU. Mtu aliitwa kwa namba, na jina la manamba likabaki. Huku Kilimanjaro, mkulima alilima kahawa kwenye kihamba chake, chini ya migomba yake, akilala kwake. Wote wawili, manamba na mwenye kihamba, walizalisha mali kwa ajili ya soko la Ulaya. Tukiwaita wote “watu wa uchumi wa kibepari” tutakuwa tumesema kweli, na hatutakuwa tumesema lolote la maana juu ya maisha yao.

Kahawa ya Kilimanjaro

Hapa tunaomba kukaa zaidi, kwa kuwa historia hii ina mengi ya kutufaa.

Walowezi wa Moshi na Arusha walitaka Wachagga wakatazwe kulima arabika kama ilivyokuwa Kenya. Hawakufanikiwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na walikuwapo maofisa, mmoja wao akiwa Charles Dundas, walioupa kilimo cha wenyeji moyo. Lakini wakulima hawakungoja kutetewa. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakuzaji wa kahawa wa Kilimanjaro, kiongozi wake wa kwanza akiwa Joseph Merinyo. Chama hicho kilipambana na magonjwa ya mibuni, kilikusanya na kuuza kahawa, na kilisema kwa sauti moja mbele ya serikali. Serikali ilianza kukiogopa. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, mahali pake pakashikwa mwaka 1933 na KNCU, muungano wa vyama vya msingi, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mfano wa ushirika barani Afrika.

KNCU haikuwa malaika. Wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia humo, na mwaka 1937 palitokea ghasia mlimani kupinga jambo hilo. Chombo kilichoundwa kumkomboa mkulima kilimpa pia sababu ya kulalamika. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaosimulia ushirika kama paradiso iliyopotea, na masimulizi ya namna hiyo hayamsaidii mtu anayetaka kuujenga upya.

Lakini angalieni kilichowezekana. Kwa kuwa kahawa yote ilipitia njia moja, chama kiliweza kumkopesha mkulima dawa ya mrututu na mbolea mwanzoni mwa msimu, kikakata deni wakati wa malipo. Mkulima asiye na hati ya shamba wala akiba benki alikopesheka, na dhamana yake ilikuwa mavuno yenyewe. Ushuru wa kahawa ulisaidia kujenga shule, na watoto wa shule hizo wakawa makarani, walimu na maofisa wa Taifa jipya. Moshi ikapata Chuo cha Ushirika mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuziachia kazi zao mamlaka za mazao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwani ndani ya vyama vingi wizi na upendeleo ulikuwapo kweli. Lakini mamlaka ya zao haikuchaguliwa na mkulima, wala mkulima hakuweza kuiondoa. Malipo yalichelewa. Ushirika uliporudishwa mwaka 1984, uliporudi ulikuwa umejeruhiwa: madeni, viongozi waliozoea kupokea maagizo kutoka juu, na wanachama waliozoea kutoulizwa.

Likaja pigo la nje. Mapatano ya kimataifa ya kahawa, yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kwa kila nchi na hivyo kuinua bei, yalisimama Julai 1989. Bei ikaporomoka. Huo nao ni mfano wa taasisi, iliyo mbali nasi, ambayo wengi wa wakulima wetu hawakujua kwamba ipo mpaka ilipokufa. Kisha katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini.

Tuwe wa haki. Mnunuzi binafsi alilipa fedha taslimu, papo hapo. Kwa mama mwenye mtoto anayesubiri ada, hilo si jambo dogo. Lakini mkopo wa pembejeo ulikufa haraka, kwa sababu ambayo ni rahisi kuielewa: mkulima aliyekopeshwa dawa na chama aliweza kuuza kahawa kwa mnunuzi mwingine na kuliacha deni. Chama kikaacha kukopesha. Mibuni ikakosa dawa, ikazeeka. Bei ya dunia ilipoanguka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waling’oa kahawa wakapanda mahindi na nyanya. Uhuru wa kuuza ulikuja bila chombo cha kubeba mkopo. Katika msimu wa 2018/19 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe tena kupitia vyama vya ushirika. Kwa hiyo katika umri wa mzee mmoja, zao lile lile limepita kwa chama, kwa mamlaka, kwa mfanyabiashara na kwa chama tena, na mara chache mkulima alikaa kwenye meza ambapo uamuzi ulifanywa.

Majirani na walio mbali

Wakulima wadogo wa chai wa Kenya walipita njia tofauti kidogo. Mamlaka yao iliyoanzishwa mwaka 1964 iligeuzwa kampuni mwaka 2000, na hisa za viwanda zikawa za wakulima wenyewe, ambao leo wamezidi 600,000. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa majani aliyopeleka, kisha hupata bonasi mwisho wa mwaka. Kwa maneno mengine, anapata sehemu ya kile kinachopatikana baada ya jani kuondoka shambani. Ugomvi haukukosekana. Wakulima walilalamikia wakurugenzi na makato, hadi mwaka 2021 uongozi ulibadilishwa kwa mkono wa Serikali. Walipolalamika, hata hivyo, walilalamika kama wenye mali.

Korosho nayo inasikitisha. Tanzania ilijenga takribani viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho kwa mikopo, na vingi vikakaa kimya miaka mingi. Msumbiji ilikuwa na viwanda vilivyofanya kazi; katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei bora. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi, na nyongeza iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo. Waliokuwa katikati walijua kuila.

Wakati huo huo Vietnam, nchi inayotawaliwa na chama cha kikomunisti, ilikuwa imeanza mageuzi yake mwaka 1986. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1993 kaya zilipewa haki ya kutumia ardhi kwa muda mrefu, kuirithisha na kuiweka rehani. Leo Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa, na inanunua korosho ghafi za Afrika, zikiwemo zetu, inazibangua na kuziuza duniani. Korea Kusini ilitangulia kwa njia nyingine: mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 yaliweka kikomo cha hekta tatu hivi kwa kaya, na baadaye Serikali ilishika mabenki na kuwakopesha wenye viwanda kwa sharti la kuuza nje. Hatutaki mtuelewe kwamba tunasifu tawala hizo. Korea ya miaka hiyo iliwapiga na kuwafunga wafanyakazi waliodai haki zao. Tunachosema ni kwamba hakuna hata moja ya nchi hizo iliyoliachia soko lijiumbe lenyewe, na kwamba kila moja ilianza na swali la ardhi iko mikononi mwa nani.

Kwetu Tanzania ulibuniwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mazao ghalani, yanapimwa, anapewa stakabadhi, na mnada hufanyika kwa mzigo wote. Ulikusudiwa kuua kangomba, yaani ununuzi wa vichochoroni kwa vipimo vya kopo na bakuli. Penye ghala zuri na karani mwaminifu umesaidia. Penye malipo yanayochelewa, kangomba hurudi, kwa sababu njaa hainunui stakabadhi.

Butura na daftari la wanachama

Tunafika nyumbani. Ndugu zetu wa Kagera wanalo neno butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya mnunuzi, ili apate fedha za msiba, za hospitali au za shule. Viongozi hukemea butura kila mwaka, na mapadre pia tumekemea mimbarini. Tunadhani tumekemea vya kutosha. Butura ni benki ya mtu asiye na benki. Itakwisha pale patakapokuwa na chama cha kuweka na kukopa kinachoweza kumpa mtu fedha za jeneza siku ya Jumanne usiku bila kumnyang’anya mavuno ya Juni. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa jumuiya zetu, ambazo tayari zina mifuko ya kuzikana. Vivyo hivyo magendo ya kahawa kuvuka kwenda Uganda hayatakwisha kwa doria peke yake, ikiwa ng’ambo mkulima analipwa siku hiyo hiyo.

Basi kazi gani iwe ya kamati za Haki na Amani? Hatuwaombi muanzishe biashara. Tunawaomba muwe watu wanaouliza. Mizani ya chama cha msingi ilikaguliwa lini, na karatasi ya ukaguzi iko wapi? Taarifa ya mkaguzi wa hesabu ilisomwa kwenye mkutano mkuu, kwa lugha inayoeleweka, au ilitajwa tu kwamba “ipo”? Makato ya kila kilo ni mangapi, na kila kato lilipitishwa na nani? Katika parokia tulizohudumia tumeona mikutano mikuu ambapo wanachama walipewa soda, wakanyoosha mikono, wakaenda nyumbani. Mwaka uliofuata walishangaa.

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linaingia ndani ya nyumba zetu. Palilieni shamba lolote la kahawa macho yenu yakiwa wazi, mtaona ni nani anayechuma, anayemenya, anayeosha na kuanika. Kisha fungueni daftari la wanachama. Jina lililoandikwa mara nyingi ni la baba, kwa kuwa kihamba au kibanja ni cha ukoo, na malipo ya pili huingia mkononi mwake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na hati ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Ushirika nao haumzuii mwanamke kuwa mwanachama. Kinachozuia ni mazoea, na mazoea, kama tulivyosema mwanzoni, ni sehemu ya taasisi.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati ya parokia ifanye hesabu mbili kabla msimu haujaanza: wanawake wangapi wanalima zao la biashara katika jumuiya zenu, na wangapi kati yao wameandikwa katika chama cha msingi kwa majina yao. Wenyeviti wa jumuiya waandike namba hizo, wamletee katibu wa kamati. Wajane waandikwe peke yao, kwa sababu ndio wanaonyang’anywa kwanza. Tutakapokutana tena tutazisoma mbele ya wote, parokia kwa parokia.